Pima kwanza, spea baadaye: kutafuta hitilafu za umeme katika gari la zamani

Mtu akiamua kufufua Peugeot 504 au Datsun 1200 iliyolala miaka nyuma ya nyumba, pesa na macho yote huenda kwenye bodi. Kutu inakatwa, bati jipya linachomelewa, rangi inapigwa. Umeme unaachwa mwisho. Siku ya kuunganisha ikifika, stata (mota ya kuwashia injini) inabofya tu, taa zinawaka kwa shida, geji ya mafuta imelala, na mwenye gari anashuka Kirinyaga Road, mtaa wa spea Nairobi, na orodha mkononi: koili ya cheche, alteneta ya kuchaji betri, stata, vyote vipya. Dukani anaambiwa, "Mzee, hiyo yako imechoka, chukua hii." Anarudi na vifaa ambavyo mara nyingi ni dhaifu kuliko vile alivyovitoa, na tatizo liko palepale.

Katika gari la umri huo kifaa chenyewe hufa mara chache. Kinachokufa ni njia ya umeme: waya uliooza ndani ya ganda lake, kishikio kilicholegea, swichi iliyoungua midomo, na zaidi ya vyote athi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi na injini. Inaniuma kuona stata au dainamo (kifaa cha kuchaji kilichotangulia alteneta) asili ikiuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu wakati ilihitaji kaboni mpya (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) na kusafishwa tu. Vifaa vya miaka ya 1960 na 1970 viliundwa ili vifunguliwe na kurudishwa kazini. Nairobi bado ina mafundi wanaosuka upya amecha (sehemu inayozunguka) na koyo (nyaya zilizosukwa kuizunguka) kwa mkono, na bado ina magari yanayostahili kazi hiyo: Peugeot 404, jamii iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963 na tena 1966, 1967 na 1968, na Datsun 160J, yaani Violet, jamii ambayo dereva Shekhar Mehta alishinda nayo mbio hizo miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Kwa hiyo kipime kila kifaa kabla ya kukihukumu.

Unachohitaji, na kwa nini multimita peke yake itakudanganya

Multimita (kipima umeme cha mkononi) ya kawaida ya Luthuli Avenue inatosha, mradi ipime volti, omu na ampea hadi 10. Iguse kwanza kwenye betri unayoijua uone kama inasema kweli. Tengeneza pia taa ya kupimia: balbu ya indiketa ya wati 21 kwenye soketi yake, nyaya mbili ndefu, na klipu mwishoni mwa kila waya. Ongeza waya mmoja wenye fyuzi ya ampea 10 katikati, wa kupeleka umeme moja kwa moja kutoka betri hadi kwenye kifaa.

Taa hiyo ya wati 21 ina maana kubwa. Multimita hunywa umeme kidogo mno. Waya wenye nyuzi thelathini ukikatika ukabaki uzi mmoja tu, multimita itaonyesha volti 12 bila wasiwasi, nawe utaapa kwamba waya ni mzima. Ukiweka mzigo, uzi ule mmoja unashindwa na volti zinaporomoka. Balbu ya wati 21 inavuta karibu ampea 1.75, ni mzigo wa kweli. Ikiwaka kwa nguvu, njia ni nzima. Ikiwaka nyekundu nyekundu, njia ina kasoro hata kama multimita inasema vinginevyo. Kwa sababu hiyohiyo, kupima omu za waya mnene wa stata hakukwambii kitu cha maana. Waya unapimwa ukiwa kazini.

Jua pia gari lako kabla ya kuligusa. Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni za volti 6. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalitoka kiwandani yakiwa na athi chanya: upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Mengine yamegeuzwa na mafundi njiani, mengine hayajaguswa. Angalia ni kichwa kipi cha betri kinachoenda kwenye bodi, kisha angalia kama kimewekwa hapo kwa makusudi au na mtu aliyebadilisha betri kwa haraka. Redio ya kisasa, alteneta au moduli ya moto ya kielektroniki ikiunganishwa kinyume itaungua papo hapo.

Rangi za nyaya nazo zinasema. Kwenye Land Rover, Mini na Morris Minor zenye mfumo wa Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari, waya wa kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, usio na fyuzi. Mweupe unatoka kwenye swichi ya ufunguo. Kijani ni umeme wa ufunguo uliokwisha kupita kwenye fyuzi. Buluu ni taa kubwa. Nyekundu ni taa ndogo. Mweusi ni athi. Kwenye Volkswagen na Mercedes soma namba zilizopigwa kwenye vishikio: 30 ni betri, 15 ni ufunguo, 31 ni athi, 50 ni stata. Kwenye gari lililopitia mikono mingi usiamini rangi kabla ya taa ya kupimia kuithibitisha.

Kabla ya kufunga chochote: meza ya majaribio

Gari likiwa limevuliwa ndipo kupima ni rahisi kuliko wakati wowote. Weka betri nzuri chini ya meza, chukua waya wako wenye fyuzi, upitie mota ya waipa, feni ya hita, honi, kila taa na kila geji. Mota ya waipa inayoanza kivivu kisha ikachangamka kwa kawaida ina grisi iliyoganda, haijaungua. Ifungue, osha gia zake, weka grisi mpya, angalia urefu wa kaboni. Honi inayokohoa ina skrubu ndogo ya kurekebishia nyuma. Zungusha robo kwa robo ukisikiliza.

Stata usiijaribu bila kuibana kwenye jiliwa. Inapoanza kuzunguka inaruka kwa nguvu na inaweza kukuvunja kidole. Itumie nyaya nene za kuazimia betri, wala si waya wako wa fyuzi. Ikizunguka kwa kasi bila kukwaruza, iko sawa kwa hatua hii, ingawa nguvu yake halisi utaijua ikisukuma injini.

Kila unachokipima kifungie karatasi yenye jina lake na ulichokiona. Gari likikaa miezi kwa mpiga rangi, utasahau yote.

Stata inabofya, au inazunguka kivivu

Anza na betri. Iache ipumzike saa kadhaa, kisha pima. Volti 12.6 au 12.7 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, ikikaribia 12.0 imebaki kama robo. Kama ina vifuniko vya maji, hidromita (kipima uzito wa asidi) itakupa ukweli zaidi: 1.265 hadi 1.280 kila chumba ni betri iliyojaa. Chumba kimoja kikiwa chini sana kuliko wenzake, betri hiyo imekwisha, hata ukiichaji usiku kucha.

Sasa ondoa waya mwembamba unaolisha koili ili injini isiwake, weka multimita kwenye betri, na mwenzako apige stata. Betri nzuri haishuki chini ya volti 9.6 hivi, na katika joto la Nairobi inapaswa kubaki juu ya 10. Ikiporomoka hadi 7 au 8, ama betri ni mbovu ama stata inavuta kupita kiasi.

Betri ikibaki juu lakini stata inavuta miguu, nguvu inapotelea njiani, na hapa ndipo watu wengi wananunua stata wasiyoihitaji. Pima njia ikiwa kazini. Weka ncha moja ya multimita kwenye kichwa cha chanya cha betri, kile cha risasi chenyewe na si klampu inayokishika, na nyingine kwenye skrubu nene ya stata. Piga stata. Unachosoma ni volti zinazopotea kati ya pointi hizo mbili. Zikiwa chini ya 0.5, upande huo ni mzima. Zikizidi, sogeza ncha hatua kwa hatua: kichwa hadi klampu, klampu hadi solenoidi (swichi ya sumaku inayolisha stata), upande mmoja wa solenoidi hadi mwingine. Pale namba inaporuka ndipo penye ugonjwa. Kisha fanya vivyo hivyo upande wa pili: kichwa cha hasi hadi mwili wa stata. Hapo usikubali zaidi ya 0.2 au 0.3. (Gari la athi chanya, geuza maelezo haya.)

Upande wa athi ndio unaoshinda kwa makosa katika gari lililorejeshwa, na sababu ni rangi. Injini imekaa juu ya raba, kwa hiyo haina athi yoyote ila ule mkanda wa waya unaoiunganisha na bodi au chesisi. Mpiga rangi amefunika sehemu ile kwa rangi nzuri ya kung'aa, fundi amefunga boliti juu yake, na umeme umekosa pa kupita. Wakati mwingine mkanda ulisahauliwa kabisa. Ikiwa hivyo, umeme hutafuta njia nyingine, na njia ya karibu ni waya wa choki au wa mafuta unaoenda kwenye kabureta. Ukipiga stata mara kadhaa kisha ukagusa waya wa choki ukaukuta wa moto, umepata jibu bila multimita. Kwangua rangi kwa ukubwa wa washa tu hadi chuma king'ae, tumia washa yenye meno, kaza, kisha paka mafuta ya mgando juu ili kutu isirudi.

Kama kuna mbofyo mmoja tu na taa kubwa zinabaki kali vilevile, umeme mkubwa haupiti: angalia solenoidi. Mbofyo mmoja huku taa zikizimika kabisa ni betri, kiungo kilicholegea, au stata iliyokwama kwenye meno ya flaiwili. Mibofyo mingi ya haraka haraka ni betri iliyoisha au klampu chafu. Kimya kabisa, hakuna hata mbofyo: weka taa ya kupimia kwenye waya mwembamba wa solenoidi na uzungushe ufunguo. Isipowaka, kosa liko kwenye swichi au waya wake, na stata haihusiki.

Inazunguka vizuri lakini haiwaki

Toa plagi moja, iunganishe na waya wake, ilaze juu ya chuma cha injini ikiguse, mbali na kabureta, na upige stata. Usiishike kwa mkono. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Ya njano na nyembamba ni dhaifu. Isipokuwepo, nenda kwenye koili.

Kipimo kimoja kwenye koili kinaeleza karibu kila kitu. Washa ufunguo, weka multimita kati ya athi na kile kichwa cha koili kinachokwenda kwenye distributa, kigawa cheche (namba 1 kwa magari ya Kijerumani). Zungusha injini polepole kwa mkono. Kontakti (swichi ndogo ndani ya distributa) zikifungwa, usomaji unapaswa kuwa karibu na sifuri. Zikifunguka, unapanda hadi volti za betri. Ukiona unapanda na kushuka hivyo, upande wa chini wa mfumo ni mzima na unatakiwa kutazama kofia ya distributa, rota inayozunguka chini yake na nyaya za plagi.

Ukibaki volti 12 muda wote, kontakti hazifungi au zimechafuka. Zile zilizokaa miaka bila kazi huota ukungu usioonekana kwa macho. Pitisha msasa laini kisha karatasi safi. Uwazi wake kwenye distributa ya Lucas ya zamani ni milimita 0.35 hadi 0.40, kwenye Beetle 0.40, kwenye Datsun nyingi 0.45 hadi 0.55. Angalia pia waya mdogo wa athi ndani ya distributa, ule unaofungwa kwenye sahani ya kontakti. Hukatika ndani ya ganda bila kuonekana.

Ukibaki sifuri muda wote, tenganisha waya uendao distributa. Koili ikipanda ghafla hadi 12, shoti iko ndani ya distributa: kondensa (kopo dogo linalolinda kontakti zisiungue) imekufa, au kile kipande kidogo cha plastiki kinachozuia waya usiguse chuma kimesahauliwa wakati wa kufunga. Ikibaki sifuri, umeme haufiki koili au koili yenyewe imekatika ndani. Upande wake wa kwanza unapaswa kusoma karibu omu 3 kwa koili ya kawaida ya volti 12, au karibu 1.5 kwa koili ya mfumo wa balasti, yaani wenye kizuizi cha kupunguza umeme. Upande wa pili ni omu elfu 5 hadi elfu 15 hivi. Na tafadhali usiache ufunguo umewashwa huku kontakti zimefungwa. Koili inachemka bure.

Kuna dalili moja inayochosha watu sana: injini inashika unapopiga stata, kisha inakufa mara tu unapoachia ufunguo. Hiyo karibu kila mara ni balasti. Wakati wa stata koili hupewa volti kamili kwa njia ya pembeni. Ukiachia, umeme unatakiwa upite kwenye kile kizuizi cha omu 1.5 hivi. Kikikatika, koili haipati kitu. Kwenye magari mengine balasti ni kipande cha kauri unachokiona. Kwenye mengine ni waya maalumu uliofichwa ndani ya fungu la nyaya, na fundi akiona waya umechakaa akauondoa na kuweka wa kawaida, koili na kontakti huungua baada ya muda. Ndiyo maana kabla ya kununua koili lazima ujue gari lako lina mfumo upi.

Rota za siku hizi nazo zinahitaji kutazamwa kwa makini. Nyingi zinavujisha moto kupitia ribiti ya katikati hadi kwenye shafti. Toa kofia, acha rota mahali pake, shika waya mnene wa koili kwa koleo lenye mpira mzuri, ncha yake ikiwa milimita chache juu ya katikati ya rota, mwenzako apige stata. Cheche ikirukia rota, inavuja. Rota nzuri haipokei kitu. Kama bado unayo ile ya zamani, ipime kwa njia hiyohiyo. Usishangae ikiwa ndiyo bora.

Linazima likipata joto

Umetoka mjini saa kumi na moja jioni, msongamano wa Waiyaki Way umekushika, gari linakohoa na kuzima. Nusu saa baadaye linawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Wengine watasema ni koili, wengine watasema petroli imechemka kwenye bomba, na wote wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu katika mwinuko huu wa karibu mita 1,800 petroli huchemka mapema kidogo kuliko pwani. Tofauti utaipata tu ukipima gari likiwa limekufa. Likishapoa umechelewa. Beba plagi ya ziada kwenye dashibodi. Likizima, sukuma pembeni, fungua boneti na utazame cheche hapohapo. Cheche kali ya buluu inakupeleka kwenye mafuta. Cheche dhaifu au hakuna kabisa, shuku kondensa kwanza, maana ni rahisi, kisha koili. Kondensa inasomeka kati ya mikrofaradi 0.18 na 0.25 kwa multimita yenye kipimo hicho, lakini iliyo nzuri ikiwa baridi inaweza kushindwa ikiwa moto. Kuweka nyingine na kuendesha ndiyo jaribio la kweli. Hapa tu nakubali kubadilisha kwa kubahatisha.

Betri haijai

Gari lenye alteneta: injini ikiwaka kwa kasi kidogo, betri isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikisoma 12.5 na kushuka, kaza mkanda wa feni kwanza. Kisha tazama taa nyekundu ya dashibodi: washa ufunguo bila kuwasha injini. Lazima iwake. Alteneta nyingi za wakati huo huamshwa na umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndogo. Balbu ikiungua, alteneta nzima huonekana imekufa. Watu wamenunua alteneta kwa sababu ya balbu. Ukisoma zaidi ya 15, regulata (kidhibiti cha volti) imeshindwa na betri inapikwa. Kuangalia dayodi, zile zinazougeuza umeme wa alteneta uwe wa kuchaji betri, weka multimita kwenye kipimo cha umeme wa mawimbi, ule wa nyumbani, ukiwa umewasha taa: zaidi ya nusu volti ni dayodi iliyotoboka. Usitoe betri injini ikiwaka.

Gari lenye dainamo lina tabia tofauti. Likinguruma polepole na taa zimewashwa, dainamo haitoi kitu cha maana na taa nyekundu kumetameta ni kawaida. Kuipima yenyewe, toa nyaya mbili, ya D na ya F, unganisha vichwa hivyo viwili kwa kipande cha waya, weka multimita kati yake na mwili wa dainamo, na uongeze kasi polepole. Volti zinapaswa kupanda haraka bila kuyumba, usizivushe 20. Dainamo ya Lucas ikitoa volti moja au chini ya hapo, shuku koyo za nje. Ikikwama 4 au 5, shuku amecha. Isipotoa kitu kabisa, angalia kaboni na komuteta (pete ya shaba inayoguswa na kaboni) kabla ya kuipeleka kusukwa. Ikipita jaribio hili na betri bado haijai, kosa liko kwenye boksi la regulata au nyaya.

Betri inaisha usiku

Zima kila kitu, funga milango, toa waya wa athi wa betri na uweke multimita, kwenye kipimo cha ampea 10, kati ya waya huo na betri. Usipige stata multimita ikiwa hapo. Gari la zamani lisilo na saa wala redio linapaswa kusoma karibu na sifuri. Ukiona zaidi ya miliampea 50, toa fyuzi moja moja hadi namba ianguke. Isipoanguka, tenganisha alteneta, maana haipiti kwenye fyuzi na dayodi mbovu huvuta usiku kucha. Ukiigusa asubuhi ukaikuta na uvuguvugu, ni yeye. Halafu kuna alamu na traka zilizofungwa na watu mbalimbali kwa miaka. Fuata kila waya usio wa kiwandani hadi mwisho wake.

Taa hafifu, taa zenye vituko

Ukikanyaga breki na indiketa zikawaka, au indiketa ikipiga na taa ndogo ikififia kwa mapigo yaleyale, usitafute mbali: taa hiyo imekosa athi na umeme unarudi kupitia balbu ya jirani. Vuta waya wa muda kutoka mwili wa taa hadi kichwa cha hasi. Vituko vikiisha, kwangua rangi.

Taa kubwa pima zikiwa zimewaka, nyuma ya balbu. Betri ikisoma 12.6 na balbu 11.3, umepoteza asilimia 10 ya volti, lakini mwanga umepungua kama asilimia 30. Sehemu kubwa hupotelea kwenye swichi, kwa sababu magari mengi ya wakati huo yalipitisha umeme wote wa taa ndani yake. Rilei mbili (swichi zinazoendeshwa na umeme mdogo) zilizofichwa nyuma ya grili, moja ya mwanga wa juu na moja ya mwanga wa chini, zitakuokolea swichi hiyo ambayo huipati tena: 30 kutoka betri kupitia fyuzi, 87 kwenda taa, 85 kwenye athi, 86 kwenye waya wa zamani wa taa. Usijaribu kuficha upotevu kwa balbu za wati 100 zinazouzwa mjini. Zinaongeza mzigo kwenye nyaya zilezile zilizoshindwa na wati 60. Na ukiweka balbu za LED kwenye indiketa, flasha ya zamani (kifaa kinachozipa indiketa mapigo) haitapiga vizuri, kwa sababu hutegemea joto la umeme ambao LED haivuti.

Fyuzi inayoungua

Usiweke kubwa zaidi, na usizungushie karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Toa fyuzi, weka taa yako ya wati 21 mahali pake. Shoti ikiwepo balbu inawaka kikamilifu, na hakuna kinachoungua kwa sababu umeme hauwezi kuzidi ampea 1.75. Sasa tikisa nyaya, tenganisha kifaa kimoja kimoja. Balbu ikizima au kufifia, umefika.

Jihadhari na fyuzi za kioo za Lucas zilizoandikwa 35: namba hiyo ni kiwango cha kuungua, na zinabeba nusu yake tu kwa muda mrefu. Fyuzi ya kioo ya mfumo mwingine yenye namba hiyohiyo inaweza kubeba 35 mfululizo, na waya utaungua kabla yake. Zile za kauri za ampea 8 na 16 kwenye Beetle na Mercedes hushika kutu kwenye ncha. Mara nyingi kuzizungusha tu kwa kidole kunarudisha kifaa kilichokuwa kimekufa.

Geji zinazosema uongo

Geji ya mafuta na ya joto zikikosea pamoja, usiguse hata moja. Magari mengi ya Uingereza ya katikati ya miaka ya 1960 na kuendelea yana kiimarishi kidogo nyuma ya dashibodi kinachozipa geji wastani wa volti 10. Kikikosa athi, kinapitisha volti zote za betri na geji zote mbili zinasoma juu. Multimita ya tarakimu itakuonyesha namba zinazorukaruka kati ya sifuri na 12. Hiyo ndiyo kazi yake, si ugonjwa.

Ikikosea ya mafuta peke yake, ufunguo ukiwa umezimwa toa waya kwenye tangi na uufunge kwenye athi kwa klipu. Ndipo uwashe ufunguo, kwa sekunde chache tu, uzime kabla ya kutoa klipu, ili kusiwe na cheche karibu na petroli. Sindano ikikimbia hadi mwisho mmoja, na ikarudi mwisho wa pili waya ukiwa wazi, geji na waya ni vizima. Kosa ni la kifaa cha kwenye tangi au athi ya tangi, ambalo nalo limepigwa rangi.

Sensa ya joto ipimwe kwenye sufuria. Iunganishe na geji yake kwa waya mrefu, mwili wake na athi, itumbukize kwenye maji pamoja na kipimajoto, washa jiko, na ulinganishe sindano na kipimajoto hatua kwa hatua. Usitegemee maji yanayochemka yawe nyuzi 100 kama vitabu vya ufundi kutoka Uingereza vinavyosema. Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94. Sindano ikisimama chini kidogo ya alama ya kuchemka huku maji yakitokota, sensa yako ni nzima. Irudishe kwenye injini.